Mwaka wa Mapazia kule Misonobari

Mwezi uliopita, kwenye msiba kule Ushirombo, nilisimuliwa habari zangu mwenyewe na watu watatu, na wote watatu walikosea. Tulikuwa tumetoka kumzika Mama Kulwa, dada mkubwa wa mama yangu, na watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba wakila. Mjukuu wake mmoja akanisogelea, akasema, "Bibi, kumbe wewe ndiye yule msichana wa sekondari uliyeiokoa Misonobari!" Mama mmoja wa kwaya akadakia kwamba yeye alisikia nilipanda juu ya kiti nikawahutubia watu. Wa tatu, mzee wa kanisa, akasema vitambaa nilivikata mimi kwa mkono wangu. Niliinamisha uso kwenye sahani. Nakaribia miaka sitini, nimekagua shule za mikoa minne, nimewafokea walimu wakuu wenye mvi, lakini watu wakinitazama ninapokula, tonge bado linanikwama. Sikuwasahihisha. Niliporudi kwangu nikatoa daftari la mwaka ule, lile la kurasa mia moja lenye jalada lililobanduka, nikalisoma lote asubuhi moja. Nikaona si haki. Sifa walizonipa ni za yule tuliyemfukia, nami nilikuwepo, na nilikuwa naandika.

Kwa nini nililelewa kwa mama mkubwa na si kwetu, hilo naliacha. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, mjini Shinyanga, miaka ya themanini ikianza, na tuliishi chumba kimoja nyuma ya jiko la Misonobari. Ilikuwa hoteli ya kula, maana vyumba vya kulala haikuwa navyo, pale Uzunguni nje kidogo ya mji, ambako nyumba zilikaa mbalimbali na kila moja ilikuwa na ua wa michongoma. Ilijengwa zamani za ukoloni. Mama Kulwa hakuficha kwamba siku hizo mtu mweusi aliingia ukumbini akitokea jikoni tu, na sinia mkononi. Baada ya uhuru mlango wa mbele ukafunguka kwa wakubwa wetu: madaktari, mahakimu, wanunuzi wa pamba. Jumamosi walikuja wahandisi wa almasi kutoka Mwadui na wake zao, wakakaa tangu saa saba hadi jua linapopoa. Kulikuwa na meza kumi na moja. Kila meza ilikuwa na kitambaa cha kitani cheupe kilichopigwa wanga na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka kikasimama pembeni kama karatasi. Mama Kulwa alijifunza upishi kwa masista wa misheni ya Ushirombo akiwa binti, na nasema bila kupunguza: sijaonja tena supu ya njegere kama yake, wala ile karameli yake iliyotetemeka kwenye sahani bila kupasuka. Mwenye hoteli, Mzee Fransis, Mgoa mfupi aliyevaa tai hata siku ya kuhesabu kuni, alionja kila chungu kwa kijiko kimoja kidogo. Akisema "Haya, Rozalia," basi chakula kilitoka. Asiposema kitu, kilirudi motoni. Mimi nilikaa kwenye dirisha la chumba chetu lililotazama ujia wa kwenda ukumbini, nikaandika niliyoyasikia. "Leo mke wa hakimu kasema nyama ni laini kuliko moyo wa mumewe. Hakimu kacheka peke yake." Ndiyo mambo niliyoyaandika.

Halafu vitu vikaadimika. Waliokuwepo wanazikumbuka foleni. Wasiokuwepo hata ukiwaeleza hawaelewi. Siagi ilikwisha kwanza, ngano ikafuata, kisha mafuta na sukari. Mafuta ya taa ya friji yalipokosekana, karameli nayo ikaaga. Lakini vitambaa viliendelea kupigwa pasi, na Ndaki, mhudumu wa miaka mingi, aliendelea kusimama wima na kanzu yake nyeupe na mshipi mwekundu. Kuna siku nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mnunuzi mmoja wa pamba, kwa heshima zote, "Leo hatuna samaki, hatuna nyama ya kuoka, mkate hatuna, na kahawa imekataa. Mheshimiwa atapenda kukosa kipi kwanza?" Yule bwana alicheka mpaka akatoa miwani. Akala viazi vya kuchemsha kwa kisu na uma, akaondoka, hakurudi. Wahandisi nao wakapungua. Nakumbuka Jumamosi moja meza kumi na moja zote zilikuwa zimetandikwa, na pale mbele hakuna hata baiskeli.

Mzee Fransis alifunga Jumapili moja baada ya Misa. Alishaitwa na binti yake aliyekuwa ng'ambo, na moyo wake, alisema, ulikuwa umeanza kupiga kama injini ya lori la pamba. Wageni wa mwisho walikuwa watatu, wazee watupu. Walipoondoka, alipita meza hadi meza akiipapasa mikono ya viti kwa kiganja kana kwamba anawaaga watoto. Akamwita Mama Kulwa. Vyombo alimwachia, na sanduku la vitambaa. "Rozalia," alisema, "hivi vimekuja kwa meli kabla hujazaliwa. Usiache mtu avifanye matambara." Mama Kulwa akasema, "Ndiyo, Mzee," na hakulia mpaka gari lilipokata kona. Alipolia alilia kwa kelele kama mtu aliyefiwa, na Ndaki akasimama kando ameshika mshipi wake, hajui auvue au auache.

Jengo lilikuwa la ofisi ya mji. Karani alikuja kesho yake na barua: Mama Kulwa akiweza kulifungua na kulisha watu ndani ya mwezi mmoja, apewe kibali, akishindwa, liwe ghala la mbegu za pamba. Bwana Afya angekuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuona kwa macho yake kama kuna walaji. Mambo yalikuwa hayo tu. Kwa Mama Kulwa yalikuwa makubwa kuliko yanavyosikika, kwa sababu zaidi ya lile jiko hakuwa na pengine pa kusimama duniani, na chumba tulicholala kilikuwa cha jengo hilohilo. Siku ya tatu akaniita, akanipa chaki. "Andika kwenye ubao," akasema. Nikauliza niandike nini. "Ugali wa mtama. Nsansa ya karanga. Sato wa kukaangwa. Michembe na maziwa mgando. Kuku wa kienyeji, mchemsho." Ndaki akashika kichwa. "Nsansa? Majani ya kunde makavu? Humu ndani? Mama Kulwa, hicho wanakula kwao bure!" Mama Kulwa akamjibu, "Na karameli wanakula kwao? Ngano haipo, Ndaki. Mtama upo. Mimi napika kilichopo, ila nitakipika kama namwonjesha Mzee Fransis."

Na ndivyo alivyopika. Hapa ndipo ninapotaka vijana wa Ushirombo wasikilize. Nsansa yake aliichemsha maji mawili akayamwaga, akaisugua kwa kiganja, akaiweka kwenye tui la karanga alizozitwanga mwenyewe na kuzichuja kwa kitambaa, mara tatu, kama masista walivyomfundisha kuchuja supu. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila mtoto wa Kisukuma amevitafuna njaani, aliipika kwa mvuke hadi ikawa laini, akaipanga kwenye sahani ya kaure kwa duara. Nilipoonja niliandika maneno mawili tu: "Siku nzuri." Akatandika meza kumi na moja kwa kitani. Akaweka maua.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mnada, na wafugaji walipita na ng'ombe wao barabarani, wakasikia harufu. Walikuja. Wakafika mlangoni, wakachungulia, wakasimama kidogo. Halafu wakageuka. Waliokaa wakala walikuwa sita. Siku ya pili nao vivyo hivyo: wanakuja kwa hamu, wanachungulia, mmoja anaingia, watatu wanarudi. Mama mmoja aliyekuwa ameshaletewa ugali akajifunika kitenge hadi usoni, akatoka kupitia jikoni, tonge halijaguswa. "Wanaogopa weupe wa vitambaa," alisema Ndaki. Mama Kulwa akaondoa maua. Akasema pengine visu na uma vinawatisha, akaviondoa pia, akaweka mabeseni ya kunawia. Wakazidi kuchungulia na kugeuka. Wiki ikaisha. Jioni mama mkubwa alikaa kwenye kigoda akila nsansa iliyobaki, polepole, akiitafuta kasoro. "Imepungua chumvi?" aliniuliza. Nikatikisa kichwa. "Basi ni mimi," akasema.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Nililipata Alhamisi, nimekaa barazani na kitabu cha jiografia, pale watu walipoegesha baiskeli. Wanaume wawili walitoka mlangoni haraka haraka. Mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia ya pama, alikuwa akitweta. Mwenzake akamuuliza, "Vipi tena, ngosha? Si ulisema una njaa?"

"Mama yake Nyamizi yumo ndani."

"Mkweo?"

"Huyohuyo. Kakaa anautazama mlango. Mkono uko kwenye ugali!"

"Haa! Amekuona?"

"Sijui. Niliangalia chini. Nimeingia na mguu mmoja, nikautoa."

Mwenzake akacheka hadi akashika usukani wa baiskeli. "Basi twende tukale mihogo ya kuchoma. Nyumba gani hii, mtu na mkwewe wanatafuniana machoni!"

Msomaji ambaye si wa huku atasema ni jambo dogo. Kwetu, mtu mzima hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe. Wakikutana njiani mmoja huingia porini kupisha. Mama Kulwa aliyajua hayo vizuri. Mume wa Kulwa alipokuja kututembelea, mama mkubwa alishinda jikoni, na chakula cha mkwe nilikipeleka mimi. Lakini katika ule ukumbi hakuwahi kuyawaza, kwa sababu miaka yote aliyopika pale, waliokaa kwenye zile meza hawakuwa na wakwe Shinyanga. Wakwe zao walikuwa Ulaya, au Dar es Salaam. Alibadilisha chakula chote, akaacha meza kumi na moja zinazotazamana, na mlango mmoja. Na mji wetu ulikuwa mdogo. Nusu ya wilaya imeoa kwa nusu nyingine.

Sasa niseme la aibu. Nilikaa na jambo hilo siku tano. Nililiandika Alhamisi, kurasa mbili, pamoja na maneno ya yule mzee. Ijumaa nikajaribu kumwambia mama mkubwa nikamkuta anapima mtama, nikapitiliza nikaenda kuteka maji. Jumamosi niliwaza: yeye amepika kabla sijazaliwa, mimi ni nani? Jumapili watu wawili tu walikula. Jumatatu niliandika: "Nikinyamaza tutahama. Nikisema atanitazama." Ukiniuliza leo ni lipi lililoniogopesha zaidi, nitakuambia ukweli, ni kutazamwa. Jumanne alikuwa anapiga pasi, amenipa mgongo, na nadhani ni ule mgongo ulionisaidia. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mama mkubwa, wanakutana na wakwe zao."

Pasi ikasimama. "Nani?"

"Watu. Mlangoni. Wanaonana na wakwe zao wakila."

Hotuba yangu ilikuwa hiyo. Hakukuwa na kiti. Mama Kulwa aliinua pasi, akaiweka kwenye kigae, akaja akakaa chini kabisa sakafuni na kunyoosha miguu. Nikadhani nimemuua. Kumbe anacheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakiruka, machozi yakimtoka. "Mama yangu weee! Na mimi nimeondoa maua! Nimeondoa uma! Mwanamke mzima, nina mkwe, nakimbia jikoni akija, halafu nawakalisha watu na wakwe zao kama darasani!" Akanishika kidevu, akanitazama, na sikufa. "Ulijua tangu lini?" Nikasema Alhamisi. Akaacha kucheka. "Siku nyingine ukijua, niambie siku hiyohiyo," akasema. Mengine hakuongeza. Hayo tu aliyonikaripia nimeyabeba katika kazi yangu yote kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kuona kasoro ni kitu kimoja. Watu wanaonisifu husahau kwamba dawa yake ilikuwa kwenye lile sanduku, na kwamba maduka yote ya Shinyanga wakati ule hayakuwa na yadi moja ya kitambaa cha kuuza. Mama Kulwa alilifungua sanduku kesho yake asubuhi, akavitandaza vitambaa sakafuni, vyote. Vikang'aa. Ndaki akaja, akaona mkasi. "Hapana," akasema. "Mama Kulwa, hapana. Mzee alikuachia neno." Mama mkubwa akapiga magoti, akakipapasa kile cha meza ya kati, kilichokuwa na maua madogo yaliyofumwa pembeni. Akasema, "Ndaki, hiki nimekipiga pasi mara nyingi kuliko nilivyombeba Kulwa mgongoni. Unadhani sikijui? Mzee alitaka watu wale vizuri, na vitambaa ndivyo vilivyokuwa njia yake. Sasa watu wenyewe wamekuja, wako mlangoni na njaa yao, nami nikae nimekumbatia vitambaa?" Akaingiza mkasi. Ile sauti ya kitani kikikatwa naisikia sasa hivi ninapoandika. Ndaki aligeuka ukutani. Kilipofika cha nne, akarudi, akapiga magoti naye, akashika upande wa pili ili usiende upogo.

Tulishona siku tatu kwa cherehani ya kuazima. Kamba za katani zilifungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kila meza, isipokuwa ile ya kati, ikawa na chumba chake cheupe. Mlango wa jikoni ukasafishwa, ukawa mlango wa pili. Na Ndaki, ambaye nilidhani atakufa kwa huzuni, akazaliwa upya. Alikuwa mtu wa Maganzo, anajua nani kaoa kwa nani hadi kizazi cha tatu. Akasimama nje na mshipi wake mwekundu, na kila aliyefika alimwamkia, kisha akamwinamia sikioni. "Mwadila, baba. Mkweo yuko meza ya saba. Pita kushoto, usikohoe." Au, "Mama, ingia tu, wa kwako kaondoka sasa hivi, kala kuku mzima." Watu walifurahi kwa namna ambayo sijaiona katika hoteli kubwa nilizolala baadaye kikazi. Wahudumu wenye tai wameniuliza kama nataka maji ya baridi au ya kawaida. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni nani namwonea haya.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Bwana Afya alifika saa saba, suti ya kaunda, faili kwapani, kijana aliyesoma. Nilikuwa nimetoka shule mapema, nimesimama kwenye ujia. Aliingia katikati ya ukumbi akatazama huku na huku. Mapazia tu. Waliokuwa wakila waliposikia sauti ngeni walinyamaza, maana hakuna aliyejua ni mkwe wa nani. "Mama," akasema Bwana Afya, "mbona nimeambiwa pana walaji? Mimi naona nguo zimeanikwa." Mama Kulwa akafungua kinywa. Kabla hajasema, nyuma ya pazia la meza ya pili mama mmoja akapiga kelele, "Rozalia! Nyongeza ya nsansa iko wapi, au nije kujipakulia?"

Bwana Afya alibadilika rangi. Faili likaanguka. "Huyo ni nani?" akanong'ona, ingawa ilionekana wazi kwamba anajua. Ndaki akaliokota faili, akamrudishia, akamwinamia. "Ndiye, bwana. Mama mkwe wako. Kaja kutoka kijijini asubuhi, hakutaka kukusumbua kazini. Ana michembe mdomoni." Msomi wetu akatazama milango yote miwili, akaona ili atoke lazima apite mbele ya meza ya pili. Ndaki akalinyanyua pazia la meza ya tisa, na Bwana Afya akaingia kama panya. Akaletewa ugali, sato na nsansa. Alikula muda mrefu. Tukasikia akijaribu kutokohoa. Kisha mkono mmoja ukatoka chini ya pazia na ile barua ya kibali, imetiwa saini, ina alama ya kidole cha karanga pembeni, na sauti ikauliza pole pole kama kuna maziwa mgando.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, mapazia yakatikisika, na mama wa meza ya pili akauliza wenzake wanacheka nini, hakuna aliyemwambia. Mama Kulwa aliibusu ile barua akaiingiza kifuani. Kisha akanipakulia sahani. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaanza kuelekea meza ya pembeni iliyokuwa tupu, ile yenye pazia lililofika mpaka chini, nikalishika ili nijifiche ndani yake nile kwa amani. Akaniita mbele za watu wote waliokuwa wakiingia na kutoka.

"Weee! Unakwenda wapi na hiyo sahani?"

"Kula, mama mkubwa."

"Mapazia ni ya wenye wakwe. Wewe una mkwe?"

Ndaki akasema siku zinakuja, watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Mama Kulwa akavuta kiti kwenye meza ya kati, meza pekee aliyoiacha wazi, akakifuta kwa kanga yake. "Kaa hapa," akasema. "Kula."

Nikakaa. Nikamega tonge, watu wakinitazama, nikala.